JIBWA LA KUSINI? ANZA NA GETI LAKO

Ukitaka kuujua mji haraka, achana na maghorofa, soma mageti. Tunduma mageti yana maneno kweli kweli. Hili limeandikwa namba ya simu ya fundi, lile limepigwa alama ya X ya barabara, la tatu linaonya kuwa nyumba haiuzwi, matapeli kaeni mbali. Halafu unakutana na lenye kibao chekundu, herufi kubwa: MBWA MKALI. Hapo hata dogo anayeuza karanga anashusha sinia, anagonga bati kwa kokoto na kuita kwa adabu zote: "Hodi wenyewe! Shikamoo baba, mbwa kafungwa?" Sauti inatoka ndani: "Marahaba, pita tu mwanangu, kafungwa." Dogo anapita, roho mkononi.

Tusifichane, msomaji. Mara nyingi nyuma ya kibao hicho kuna mbwa mmoja wa kienyeji, kakonda, kajilalia kivulini kwenye tairi bovu la Fuso, ana mambo yake. Ukali wote uko kwenye rangi. Ndiyo maana kijana wa mjini akishashika hela kidogo, kafungua fremu ya pili au kajenga ukuta, anaanza kuota jibwa la maana. Na kwa kuwa yuko Tunduma, ndoto yake inatazama kusini.

MJI WA LANGO

Kwa ambaye hajafika: Tunduma iko mwisho wa nchi, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na kama 100 hivi kutoka Mbeya mjini. Zamani ilihesabiwa ndani ya mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 iko mkoa wa Songwe, ambao makao makuu yake yako Vwawa. Ukishapita Mlowo na Vwawa, ukaiacha kahawa ya Mbozi nyuma yako, kinachokupokea ni foleni ya malori. Mbele ni Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, shangazi huku, mjomba kule, na noti za kwacha na shilingi zinapishana mikononi kutwa nzima. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo inapita hapa ikielekea Kapiri Mposhi. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ambako msafiri na mzigo wake wanakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja.

Malori yanakuja na shaba kutoka Zambia na Kongo, yanarudi na mafuta na makontena. Yanabeba na stori pia. Dereva aliyelala Lusaka, Harare au Johannesburg haishiwi maneno: kule bwana, mageti ya watu yana majibwa si mchezo! Ukimwuliza majina atakupa mawili. La kwanza Rhodesian Ridgeback, la pili Boerboel. Huku kwetu wote wawili ni adimu, na kitu adimu sifa zake huvimba kila zinapopita mdomo mmoja kwenda mwingine.

Swali la kijiweni huwa ni moja: "Yupi mkali zaidi?" Swali la maana ni jingine kabisa: nyumbani kwako kuna kazi gani? Mbwa hawa hawakutengenezwa kwa maonyesho. Kila mmoja alitengenezwa kwa kazi yake, kizazi baada ya kizazi, mpaka kazi ikaingia kwenye damu. Ukimnunua, umenunua na kazi yake. Kama huna kazi ya kumpa, ataitafuta mwenyewe, na hutaipenda.

MWENYE MSTARI

Tuanze na Ridgeback. Huyu humkosei. Mgongoni, kuanzia nyuma ya mabega hadi karibu na nyonga, manyoya yake yameota kinyumenyume na kuacha mstari kama umepitishwa na kinyozi. Juu ya mstari kuna vizunguko viwili vya nywele, kimoja kulia kimoja kushoto, kama kile cha utosini kwa mtoto. Rangi yake ni ya ngano, kuanzia iliyopauka hadi nyekundu ya udongo. Dume husimama sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wake ni kilo 36 hivi. Jike ni mdogo kidogo.

Mstari huo haukutoka Ulaya. Ni wa mbwa wa kienyeji wa Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini mwa Afrika, ambao walowezi waliwachanganya na mbwa wao. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm wa Hope Fountain, karibu na Bulawayo, alikuwa na mbwa wa mstari. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawapandisha na wa kwake, akapata kizazi cha kuwindia simba. Mwaka 1922, hapo hapo Bulawayo, Francis Barnes akaandika sifa ambazo mbwa huyu anapaswa kuwa nazo. Yaani, mshikaji, hilo jibwa la bei mbaya unalolisikia lina babu wa kienyeji, ndugu kabisa wa yule aliyelala kwenye tairi.

Na jina lake lina kichekesho kwa mtu wa Tunduma. Ng'ambo pale, unapovuka kwenda kununua vitu Nakonde, paliitwa Rhodesia ya Kaskazini mpaka Oktoba 1964 ilipozaliwa Zambia. Rhodesia ya Kusini, alikotoka mbwa, ikawa Zimbabwe mwaka 1980. Nchi zote mbili zimebadili majina zamani, mbwa bado anatembea na la zamani.

Sasa hiyo habari ya simba. Usidhani mbwa huyu alikuwa anapigana na simba akashinda. Simba ni simba. Kazi yake ilikuwa kumfuata, kumzunguka, kumbwekea na kumchelewesha mpaka mwenye bunduki afike. Kazi hiyo inataka mapafu, inataka akili, na inataka mbwa anayeamua mwenyewe bila kungoja amri. Hayo yote matatu ndiyo utakayokaa nayo nyumbani.

Mapafu maana yake anataka kukimbia kila siku, siyo kuzungushwa nyumba mara mbili kwa mnyororo. Akili maana yake ukuta mfupi ataujulia njia, na kitasa cha mlango pia. Kuamua mwenyewe maana yake ukimwita huku amemwona kuku wa jirani, kuku atasikilizwa kwanza. Kwa watu wa nyumbani ni mpole, tena anapenda kulala ndani miguuni pako. Kwa wageni anajitenga na kuwasoma. Habweki ovyo. Ila ukimfundisha kwa fimbo umemharibu, maana hasahau.

Kuna jambo la afya. Baadhi yao huzaliwa na kitundu chembamba kama uzi, kinachoanzia kwenye ngozi ya shingo au mgongo na kuzama kuelekea uti wa mgongo. Uchafu ukiingia, usaha unajaa, mbwa anateseka. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba vinasaba vinavyoleta mstari ndivyo vinavyomweka mbwa kwenye hatari ya kitundu hicho. Uzuri na ugonjwa wamepanda basi moja! Kwa hiyo kabla hujatoa mshiko, daktari wa mifugo ampapase mtoto wa mbwa taratibu, kuanzia shingoni hadi mkiani.

JIBWA LA MKULIMA

Wa pili ni Boerboel, hutamkwa kama "burbul". Jina ni la Kiafrikana: boer ni mkulima, na boel ni kifupisho cha neno la kuitia majibwa mazito ya ulinzi. Huyu ni wa Afrika Kusini, wa mashamba makubwa ambako jirani yuko mbali na usiku ni mrefu. Mwaka 1983 wafugaji walianzisha chama chao huko Senekal, jimbo la Free State, ili kumwokoa asipotelee kwenye machotara. Mwaka 2015 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kilimpokea rasmi. Denmark ilikwishampiga marufuku tangu 2010, pamoja na aina nyingine 12. Kumbe mbwa mmoja anaweza kupewa cheti hapa na kufungiwa mpaka pale.

Ukimwona utaelewa. Dume akisimama anafika hadi sentimita 70 begani, na uzito wake unaweza kufika kilo 70, 80 na kupita. Huo ni uzito wa utingo aliyeshiba, pamoja na begi lake. Kichwa kama ndoo, kifua kama mlango.

Kazi ya huyu haikuwa kukimbia. Ilikuwa kukaa. Anajua mwisho wa uwanja wake, anajua nani wa humo na nani si wa humo, na usiku anasimama katikati. Kwa familia yake ni mtulivu, watoto wa nyumbani watamlalia tumboni. Shida ni kwamba neno "familia" kwake ni fupi. Mjomba aliyeshuka na basi la usiku bila taarifa hayumo. Fundi bomba hayumo. Mshikaji wako anayezoea kusukuma geti akiita "Oya!" naye hayumo, na siku hiyo ndiyo atakayojua.

Kwa hiyo shule yake ni mapema. Miezi ya mwanzo, angali mdogo wa kubebeka, azoeshwe watu, pikipiki, kelele za malori, watoto wa mtaa. Ukimfungia bandani tangu mdogo ili "awe mkali", hupati mlinzi. Unapata mzigo wa kilo 80 usiojua kutofautisha mwizi na mgeni. Na ukishindwa kumshika akiwa mdogo, akikomaa hamna mnyororo wala misuli itakayokusaidia.

Halafu tumbo. Boerboel mkubwa anataka karibu kilo nzima ya chakula kikavu kwa siku. Ukimpikia, piga hesabu ya sufuria ya dona yenye dagaa au utumbo, kila siku ya Mungu. Ugali mtupu unamjaza tumbo bila kumjenga. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali na kutoboa utumbo. Akiwa anakua usimnenepeshe pia, maana uzito ukiwahi kuliko mifupa, nyonga zinaharibika.

NJIA YA PANYA

Sasa utawapataje? Hapa ndipo Tunduma inapomjaribu mtu. Mpaka huu una geti la serikali na una njia za panya. Atatokea jamaa mwenye boksi, ndani kuna kitoto cha wiki sita, macho bado yana ukungu, anakuapia kwa Mungu kwamba ni Boerboel halisi kutoka Sauzi. Karatasi? "Zinakuja, braza." Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti tu ni kwamba huyu anabweka.

Njia halali ipo. Kumwingiza mnyama nchini kunataka kibali cha mamlaka ya mifugo kabla hajasafiri, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali ya alikotoka, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha anapita kwa mkaguzi wa mifugo mpakani. Inachosha, lakini angalia hesabu hii. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mtoto akifika miezi mitatu. Kitoto cha wiki sita hakijafika umri wa kuchanjwa, na ameshatolewa kwa mama yake mapema, maana wiki nane ndicho kipimo. Akiingia na ugonjwa, atakayelia si jamaa wa boksi. Mbwa aliyepita njia ya panya usimpitishe kwenye geti lako.

GETI LAKO NI LIPI?

Haya, tuje kwenye uchaguzi.

Kama una yadi ya malori au ghala, ukuta mrefu, geti la chuma, na kijana anayekaa pale siku zote wa kumlisha na kumjua, Boerboel ana kazi hapo. Sharti moja: mchana awe kwenye banda pana lenye kivuli na maji, mbali na watu wanaoingia na kutoka. Mnyororo wa kutwa nzima unamtia wazimu mbwa yeyote.

Kama uko Mbozi, una shamba la kahawa, eneo la kutosha, na wewe mwenyewe ni mtu wa kutembea, chukua Ridgeback. Asubuhi mnazunguka shamba, jioni tena, na kwa sababu manyoya yake ni mafupi utamkagua kupe kwa urahisi, maana penye ng'ombe kupe hawakosekani na homa wanayoileta inaua. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku inaponguruma, mpe banda kavu lisilopitisha upepo au mkaribishe ndani. Yeye hatakataa.

Kama uko Dar, ushuani, unatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, Boerboel joto litamsumbua na Ridgeback upweke utamsumbua. Atachimba bustani, atatafuna viti, atalia mpaka majirani wakuchoke. Kama hakuna mtu wa kukaa naye, waache wote wawili.

Na kama umepanga chumba na sebule, uani mmoja, wapangaji sita, choo kimoja, watoto wanacheza rede mlangoni, jibu ni fupi: hakuna. Wala usijadiliane na nafsi. Sensa ya 2012 ilihesabu Tunduma watu zaidi ya 97,000 na mji haukusimama hapo, nyumba zimebanana. Baba mwenye nyumba naye ana neno lake. Majirani Waislamu wengi hawataki mate ya mbwa yaguse nguo za swala, nao wana haki ya kupita uani bila kuruka ukuta. Wahenga walishasema ukizoeana na mbwa atakufuata msikitini. Wewe utamfuata nani kuomba radhi?

Lakini mwizi je? Kwa uani wa namna hiyo, mbwa wa kienyeji anatosha, tena anatosha kweli. Anakula kidogo, amezoea hali ya hewa, anawajua wapangaji wote kwa harufu, na akisikia unyayo mgeni saa nane usiku anaamsha mtaa. Mwizi haogopi meno tu, anaogopa kelele. Mlishe, mchanje, muoge na dawa ya kupe, uone kama ataendelea kulala kwenye tairi.

HAPA HAKUNA UTANI

Nimechelewesha jambo hili kwa makusudi, ili usilisahau. Mbwa yeyote, wa bei au wa bure, bila chanjo ya kila mwaka ni hatari kwa mtaa mzima. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani kinakadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa na ndio wasiosema wakikwaruzwa.

Akiumwa mtu, usipake mafuta ya taa, usifunge majani, usingoje uone mbwa atafanyaje. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Zinaanza mara moja na zinakamilishwa zote, hata kama kidonda kimepona. Utafiti wa miaka mingi kaskazini, kwenye vijiji vya pembezoni mwa Serengeti, ulionyesha mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa ugonjwa hukosa pa kupita. Kwa hiyo ukimpeleka mbwa wako kwa afisa mifugo, unamlinda na dogo wa karanga asiyejua hata jina lako. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Iweke kwenye kalenda kama unavyoweka siku ya kodi.

Jingine ni kwamba kibao si kinga. Jibwa la kilo 80 likimrarua mtoto wa watu, atakayeitwa kituoni ni wewe, na kidonda cha usoni hakifutwi kwa kumwambia mama yake kwamba onyo lilikuwepo getini.

Bado unataka? Haya, fanya jaribio la wiki moja, bure kabisa. Kila siku amka saa kumi na moja na nusu, tembea saa nzima, mvua isikuzuie. Jioni rudia. Kila unapotoka, tia kwenye kopo hela ya dona na dagaa wa kilo 80. Mwombe na kijana wako wa nyumbani au mwenzio afanye hivyo siku ambazo umesafiri. Jumapili ikifika bado unatembea na kopo halijaguswa, basi nenda kafuatilie kibali, umeshakuwa mtu wa mbwa. Ukikata tamaa Jumatano, usione aibu: umeshaokoa mbwa mmoja na majirani wote.